Bluzi kwenye kinanda: kwa nini mkono wa kushoto husimama wa kulia unapoingia

Swali: “Nimepiga kinanda katika kwaya ya kanisa kwa miaka kadhaa. Nilijifunza kwa solfa na kwa kusikiliza. Nota za mistari sizisomi. Mwaka huu nimeanza kujifundisha bluzi kwa video. Nimekariri skeli ya bluzi katika ufunguo wa C na ninaijua duru ya vipimo 12, lakini nikipiga bado inasikika kama zoezi la skeli, si bluzi. Mkono wa kushoto ukiwa peke yake unakwenda vizuri, ila wa kulia ukiingia tu, wa kushoto unasimama au unaanza kumfuata mwenzake. Isitoshe, nikipiga bugi kwa dakika kumi, kigasha cha kushoto kinakaza na kuuma. Kinanda changu ni cha vibonyezo 61, vyepesi. Je, tatizo ni kinanda, ni umri wangu (nina miaka 38), au bluzi inamtaka mtu aliyezaliwa nayo?”

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kueleza hali yako kinagaubaga, maana maelezo hayo yamenirahisishia kazi. Nikijibu kwa ufupi: umri wako si kikwazo, kinanda chako kina upungufu ambao unaweza kuuvumilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyezaliwa na muziki huu mikononi. Kinachokukwamisha ni kwamba umeanza na sauti, yaani skeli (ngazi ya sauti) na kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), kabla mwendo haujakaa mwilini, ilhali katika bluzi ya kinanda mwendo ndio unaobeba kila kitu kingine. Nitalifafanua hilo kwa kirefu, lakini kwanza tuyashughulikie maumivu, kwa sababu hayo hayasubiri.

Misuli mingi inayokunja na kunyoosha vidole haimo ndani ya kiganja. Imo kwenye kigasha, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Unapopiga mkono wa kushoto wa bugi, yaani bluzi ya kinanda ambayo mkono huo hurudia umbo lile lile bila kukoma, kidole kidogo na gumba hutanuka na kurudia kazi ile ile mara nane katika kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo makubwa manne. Mpigaji asiye na uzoefu hubonyeza, kisha badala ya kulegea mara sauti inapotoka, huendelea kukandamiza na kuutanua mkono hadi pigo linalofuata. Hapo misuli inayokunja na ile inayonyoosha hukaza kwa wakati mmoja, haipati nafasi ya kupumzika kati ya mapigo, na baada ya dakika chache inachoka na kuuma. Vibonyezo vyepesi huongeza tatizo bila mtu kujua, kwa kuwa havileti ukinzani wa kutosha na vidole huishia kugonga ubao wa chini kwa nguvu isiyohitajika.

Tazama kwanza kimo cha kinanda. Vinanda vingi vya kanisani huwekwa kwenye stendi iliyopandishwa kwa ajili ya mtu aliyesimama, kisha mpigaji huja na kiti cha plastiki na kujikuta viwiko viko chini ya vibonyezo. Shusha stendi au ongeza mto, mpaka kiwiko kilingane na vibonyezo au kivizidi kidogo. Kisha piga kodi moja kwa mkono wa kushoto, na mara tu sauti inaposikika uache mkono ukae juu ya vibonyezo kwa uzito wake wenyewe, bila kukandamiza. Ukiona huwezi kulegea hivyo kati ya pigo na pigo, mwendo unaoutumia ni wa kasi mno kwako kwa sasa. Piga dakika mbili, pumzika, rudia. Dalili ya kwanza ya kukaza ndiyo mwisho wa awamu hiyo. Usimeze dawa ya kutuliza maumivu ili uweze kuendelea na mazoezi.

Mwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ukihisi ganzi au kuchomachoma vidoleni, maumivu yakikuamsha usiku, ukipoteza nguvu ya kushika kikombe au kufungua kizibo, au maumivu yakiendelea kwa wiki mbili ingawa umepumzika. Hayo hayapimiki kwa maandishi wala kwa video, na ukiyaacha yaendelee yanaweza kukuweka mbali na kinanda kwa miezi.

Sasa tuje kwenye mikono miwili. Umesikia mara nyingi, bila shaka, kwamba mpiga kinanda lazima “aitenganishe” mikono yake, kila mmoja uwe na akili yake. Wazo hilo limewapotosha wanafunzi wengi, kwa sababu ubongo haufanyi kazi hivyo. Kwa asili mikono hupenda kwenda pamoja, na mmoja ukibadilisha mwendo, mwingine huvutwa. Ndiyo maana mkono wako wa kushoto unaanza kumfuata mwenzake. Wapigaji hodari hawajaukata uhusiano huo. Wamejifunza mwendo mmoja mpana zaidi ambao ndani yake mikono yote miwili ina zamu zake. Watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja kwa michi miwili hawana midundo miwili inayojitegemea. Wana mdundo mmoja, na kila mmoja anajua mchi wake unashuka wapi. Unachopaswa kujua, basi, ni mahali hasa ambapo kila sauti ya mkono wa kulia inaangukia ndani ya mwendo wa kushoto. Mradi hujui mahali hapo, mkono wa kushoto utasimama kusubiri uamuzi.

Anza na mwendo wa kushoto ulio mwepesi kuliko yote. Weka kidole kidogo kwenye C, kidole cha shahada kwenye G na gumba kwenye A. Bonyeza C na G pamoja mara mbili, kisha C na A pamoja mara mbili, halafu rudia. Kwa lugha yako ya kwaya ni do na so, kisha do na la. Hayo mapigo madogo manane ndiyo kipimo kimoja. Kwenye kodi ya F unahamisha umbo lile lile, yaani F na C, kisha F na D. Na kwenye kodi ya G ni G na D, kisha G na E. Katika ufunguo wa C vyote ni vibonyezo vyeupe. Duru yenyewe unaijua, lakini niiandike ili tusipishane: vipimo vinne vya C, viwili vya F, viwili vya C, kimoja cha G, kimoja cha F, na viwili vya C, ambapo cha mwisho mara nyingi hugeuzwa kuwa G ili kurudi mwanzo.

Mapigo hayo manane hayalingani urefu, na hapa ndipo wengi hupotea. Kila pigo kubwa ligawe moyoni katika sehemu tatu, moja-mbili-tatu, kisha bonyeza kwenye moja na kwenye tatu. Ile ya kati iache ipite. Matokeo yake ni sauti ndefu ikifuatwa na fupi, ndefu na fupi, na huo ndio mwendo wa shafo. Mtu aliyezoea kuicheza chakacha ya pwani ana faida hapa, kwa kuwa mwili wake umekwisha kuzoea kugawa pigo katika tatu. Ukipiga zile nane kwa urefu sawa unapata kitu kingine, kizuri mahali pake, lakini si hiki unachokitafuta; nami nashuku, kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba sehemu kubwa ya kile unachokiita “zoezi la skeli” inatokana na usawa huo. Nyimbo za kitabu zinazopigwa kwa mapigo yaliyonyooka huufundisha mkono tabia hiyo kwa miaka mingi, wala si kosa lako. Fahamu pia kwamba kadiri mwendo unavyoongezeka kasi, tofauti kati ya sauti ndefu na fupi hupungua yenyewe, kwa hiyo usiilazimishe unapokwenda haraka.

Washa programu ya metronomu kwenye simu, mapigo 60 kwa dakika, na uzime midundo ya kinanda inayojiendesha. Najua inavutia, na kinanda chako pengine kina mdundo wa bluzi tayari, lakini ukiuacha ukubebe mkono wako wa kushoto hautajifunza kubeba. Piga duru nzima kwa mkono wa kushoto peke yake mpaka uweze kuzungumza na mtu aliye chumbani, kwa sentensi kamili, bila mwendo kuyumba. Hilo ndilo jaribio ninaloliamini kuliko mengine yote, na ukilifanya leo huenda ukagundua kwamba mkono “unaokwenda vizuri peke yake” bado unahitaji macho na akili yako yote. Ubongo usiobakiwa na nafasi hauwezi kuongeza mkono wa pili.

Ukifaulu hapo, mkono wa kulia uingie na sauti moja tu katika kila kipimo, kwenye pigo la kwanza, sambamba na la kushoto. Ikitulia, ihamishe sauti hiyo hiyo hadi pigo la pili, kisha la tatu, kisha la nne. Baada ya hapo ipeleke kwenye ile sehemu fupi, ya tatu ya pigo, na hapa utakwama kwa siku kadhaa; ni kawaida. Sauti mbili zifuate tu pale ambapo moja inaweza kukaa popote unapotaka. Zoezi hili halipendezi kulisikiliza, na ndiyo sababu video nyingi hulikwepa, lakini linafundisha jambo lile lile unalolikosa. Dakika ishirini kila siku zitakufaa kuliko saa tatu za Jumamosi, kwa kuwa mwendo mpya huendelea kukaa mwilini wakati wa mapumziko na wa usingizi, si wakati wa kubonyeza peke yake.

Kuhusu sauti zenyewe, skeli uliyoikariri, do, ma, fa, fe, so, ta, ni sahihi, lakini si wimbo, wala waliouanzisha muziki huu hawakuitumia kama ngazi ya kupanda na kushuka. Ni muhtasari uliotolewa baadaye kutokana na walichokuwa wakikiimba. Waimbaji wa bluzi huitamka sauti ya tatu mahali fulani kati ya ma na mi, wakiivuta na kuiteleza. Mpiga gitaa anaweza kuukunja waya akapafikia. Kinanda hakina mahali hapo. Kwa hiyo wapigaji wake walibuni namna ya kulidanganya sikio: wanagusa ma na papo hapo kuangukia mi, upesi kiasi kwamba msikilizaji anasikia mvuto badala ya sauti mbili.

Jaribu hivi. Kwa mkono wa kulia weka kidole cha shahada juu ya E-flati (ndiyo ma), ile nyeusi iliyo kushoto kwa E (ndiyo mi). Usikinyanyue, kiteleze kutoka kwenye ile nyeusi kianguke kwenye E, na wakati huo huo kidole cha pete kibonyeze G. E-flati isikae hata kidogo, na E ndiyo iangukie juu ya pigo. Rudia mara nyingi, polepole, mpaka kidole kishuke kwa uzito wake bila kusukumwa. Sasa sikiliza kinachotokea duru inapohamia F. Kodi ya F yenye sauti ya saba ni fa, la, do na ma, maana yake E-flati ni sehemu halali ya kodi hiyo. Kwa hiyo juu ya C unateleza kutoka ma kwenda mi, lakini juu ya F unaiacha ma ikae kama ilivyo, bila kuiteleza. Ukifanya hivyo tu, kwa sauti mbili au tatu, msikilizaji atasikia kodi zikibadilika hata ukiuzuia mkono wa kushoto. Anayezungusha skeli ile ile juu ya kodi zote tatu bila kusikiliza huipoteza tofauti hii, na hiyo ni sababu ya pili ya wewe kusikia skeli badala ya bluzi.

Sababu ya tatu ni kutopumua. Mashairi ya bluzi kwa kawaida huwa na mstari unaoimbwa, ukarudiwa, kisha wa tatu ukaujibu, na kila mstari huchukua vipimo vinne. Sauti ya mwimbaji hujaza takriban viwili vya kwanza. Viwili vinavyobaki ni vya ala kujibu. Chukua mstari wowote wa Kiswahili, hata ule wa kumlalamikia mwenye nyumba, uimbe katika vipimo viwili huku mkono wa kushoto ukiendelea, kisha mkono wa kulia ujibu katika viwili vinavyofuata na unyamaze. Mpiga kinanda wa kwaya tayari anajua kumpisha mwimbaji, kwa hiyo hapa una mtaji mzuri.

Umeuliza kama lazima mtu azaliwe nayo. Bluzi ni muziki wa Wamarekani Weusi wa kusini mwa Marekani, na historia yake nzito inastahili kuheshimiwa, lakini walioupiga walijifunza kwa kazi. Katika vilabu vya pombe vya kambi za wapasua mbao huko Texas, Louisiana na Mississippi, mpigaji aliketi mbele ya piano iliyopoteza sauti zake, peke yake, akiwachezesha watu usiku kucha. Hakukuwa na ngoma wala besi, kwa hiyo mkono wa kushoto ulifanya kazi ya vyote viwili; ndiyo maana nakusisitizia uanze huko. Wengi wao walijifunza kwa kusikiliza na kutazama mikono ya wenzao, bila nota za mistari, kama ulivyojifunza wewe. Kusoma nota kutakusaidia siku moja kupata mifano iliyoandikwa, lakini hakukuzuii leo. Na kwa kuwa unatoka kanisani, mfahamu Thomas A. Dorsey: aliyekuwa akimpigia piano mwimbaji wa bluzi Ma Rainey na kurekodi bluzi kwa jina la Georgia Tom katika miaka ya 1920 ndiye huyo huyo anayeitwa baba wa muziki wa injili wa Chicago. Mikono haikubadilika alipobadilisha mahali pa kuketi.

Sikiliza kabla ya kuiga, na uchague kwa busara. Usianze na Albert Ammons, Pete Johnson na Meade Lux Lewis, wale wapiga bugi waliolishangaza jukwaa la Carnegie Hall, New York, mwaka 1938, kwa sababu kasi yao itakukatisha tamaa na kukurudishia maumivu. Anza na Jimmy Yancey, aliyefanya kwa miaka mingi kazi ya kutunza uwanja wa timu ya besiboli ya White Sox jijini Chicago. Hupiga taratibu, kwa sauti chache, na mkono wake wa kushoto unasikika wazi. Kisha msikilize Otis Spann, ambaye katika miaka ya 1950 na 1960 alipiga katika bendi ya mwimbaji na mpiga gitaa Muddy Waters, uone jinsi anavyomjibu mwimbaji bila kumfunika. Halafu Leroy Carr, ambaye rekodi yake ya mwaka 1928, “How Long, How Long Blues”, ina duru ya vipimo vinane, si 12, na itakuondolea dhana kwamba bluzi ni umbo moja tu. Punguza mwendo wa rekodi kwenye simu, chagua vipimo viwili, uviimbe kwanza kwa solfa, ndipo uvitafute kwa vidole.

Kinanda cha vibonyezo 61 kinatosha kwa yote niliyoyaeleza. Ukikosa sauti nzito upande wa kushoto, tumia kitufe cha kushusha oktavu. Kasoro yake ya kweli ni wepesi: hutajifunza vizuri kutofautisha sauti kubwa na ndogo kwa uzito wa mkono, kwa hiyo ukipata piano halisi shuleni, kanisani au hotelini, omba uipige japo mara chache kwa mwezi. Usinunue kingine kwa sasa. Pedali iache kabisa katika mwendo wa shafo, kwa kuwa inaziunganisha zile sauti fupi na kuua mruko wake.

Jambo moja tu la kinanda ndilo linanitia wasiwasi, nalo ni kile kitufe cha kuhamisha ufunguo ambacho wapiga vinanda wengi wa kwaya wamekizoea, wakipiga kila wimbo kwenye C. Kanisani sina ugomvi nacho. Lakini mteleze wa kutoka nyeusi kwenda nyeupe unapatikana kwenye C, na pia kwenye F (A-flati kwenda A) na kwenye G (B-flati kwenda B), hivyo jifunze hizo mbili zinazofuata kwa mikono yako. Wapiga gitaa wa bluzi hupenda E na A, na kwenye E mambo yanageuka: unatoka G, ambayo ni nyeupe, kwenda G-shapu, ambayo ni nyeusi, na hakuna pa kuteleza, inabidi vidole viwili vifuatane. Siku utakapoketi na mpiga gitaa, kitufe kitakuokoa, lakini si kila piano ina kitufe.

Hatimaye, mtafute mwalimu wa kukutazama ana kwa ana, hata kama ni mara moja kwa mwezi, na hata kama yeye mwenyewe hupiga nyimbo za kitabu au jazi badala ya bluzi. Kifundo kilichokaza na bega linalopanda polepole kuelekea sikioni huvioni mwenyewe, na video haikuoni wewe. Ukienda kwake usimpigie kipande chako kizuri. Mpigie kuanzia kipimo cha nane hadi cha 11, mikono yote miwili, kwa mwendo wako wa kawaida. Huko kodi hubadilika kila kipimo, kutoka C kwenda G, kisha F, kisha C, na ndiko mkono wa kushoto hujisahau upesi kuliko popote katika duru.